Maneno ya Penseli Katika Kitabu cha Tatiana

Kapata, Kolwezi
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Tatiana,

Nakusalimu sana, kwa salamu zile za nyumbani, za kushikana mikono miwili na kuulizana mpaka chai ipoe. Habari za afya? Mgongo uliokuwa unakusumbua umepata nafuu? Baridi ya Ulaya imeshaanza huko Charleroi au bado? Watoto wanasoma vizuri? Na shemeji Barnabé hajambo? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Presha ya shemeji yako François inapanda na kushuka, ila bukari na mboga anakula mara mbili kwa siku, na mtu wa namna hiyo mimi simwiti mgonjwa. Mimi ni magoti tu yanayolalamika, hasa nikirudi kwa miguu kutoka misa.

Najua utashangaa kuona karatasi na kalamu, wakati simu ninayo na mtandao ninanunua. Nina sababu yangu. Ujumbe wa sauti ninaokutumia hujanijibu kwa sauti tangu Noeli ya mwaka juzi. Majibu yanakuja kwa maandishi, Kifaransa kilichopigwa pasi, na mwisho yameandikwa "cordialement". Tangu lini mtu aliyekula nami sahani moja ananiaga kwa "cordialement"? Hivyo ndivyo mkurugenzi wa shule anavyoandika akitaka kukufukuzia mtoto.

Basi nikakutega. Mwezi wa tano nilikuuliza jina la yule mbuzi wetu aliyekula daftari lako la hesabu, ukalia siku nzima. Jibu likaja kwamba una kazi nyingi na utaniandikia baadaye. Wewe unaweza kumsahau mbuzi yule? Tangu siku hiyo najiambia kwamba simu yako ina macho ya mtu mwingine.

Labda nakosea. François anasema mimi hata jogoo akiwika mapema nitauliza nani kamtuma. Lakini barua hii ninampa Mama Honorine, katibu wa parokia, anayekuja huko kumwona binti yake aliyejifungua. Nimemwambia akupe wewe mkononi, si mtu mwingine yeyote wa nyumba, na ikibidi akusubiri nje ya kazi yako. Isome ukiwa kwenye basi.

Habari za hapa ni zilezile. Malori yanapita kutwa, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Jirani wetu wa mkono wa kulia amejenga ukuta wa matofali kuizunguka parcelle yake yote, nyumba na uwanja, mrefu kuliko mlango wa kanisa, anasema anachimba choo. Choo gani kinachimbwa miezi mitatu, na vijana wanne wenye taa kichwani? Ni madini anayoyatafuta, namwangalia tu. Nyufa zikifika kwenye chumba changu, ndipo tutazungumza.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nikae chini niandike. Ni juu ya Falonne, mtoto wa marehemu kaka yetu Kalonji. Unamkumbuka akiwa na miaka mitatu, anatembea amevaa viatu vyako. Sasa ana miaka ishirini, yuko mwaka wa kwanza wa ualimu, na kwa urefu ananipita. Mwezi wa sita watu walikuja kumbishia mlango, kumposa.

Ni watu wa Lubudi. Baba wa kijana alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, familia ya kanisa, hawana kelele. Kijana mwenyewe anaitwa Gracien, miaka thelathini na moja, ni karani kwenye depo moja ya madini hapa Kolwezi. Walileta barua na bahasha ya kufungua mlango, wakaiweka juu ya sahani, wakaifunika kitambaa. Baba mdogo Kabemba aliipokea sahani bila kugusa bahasha, kama inavyotakiwa, akasema siku ya kumuuliza mtoto itakuwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Ndipo ifunguliwe au irudi.

Nilimchunguza Gracien, hilo hata usiniulize. Nilipita kwa mama anayemwuzia maharagwe, kwa katekista wake, kwa mwenye nyumba anayempangisha. Wote walimsifu. Mtu anayesifiwa na mwenye nyumba wake ananitia wasiwasi, lakini doa nililolitafuta sikulipata.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Falonne mwenyewe. Tangu siku ya sahani aliacha kuimba akifua. Nikimwuliza, anasema yuko sawa. Akimaliza kazi, anaingia chumbani na kitabu. Vitabu vyenyewe amevivalisha karatasi ya mfuko wa saruji, vyote vinafanana, na juu ameandika "Pédagogie". Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita. Hakuna mtoto aliyewahi kusoma pedagogia huku anatabasamu.

Nilivivua karatasi siku moja akiwa shuleni. Na ndipo nikakukuta wewe, mdogo wangu. Ni vile vitabu saba ulivyotuma miaka miwili iliyopita, kwenye ile kartoni ya viatu na sabuni. Romani za mapenzi, za wasichana na wavulana. Kimoja kina picha ya msichana na mwavuli wa rangi ya machungwa. Kingine wawili wanakaribia kubusiana, na mchoraji amewaachia nafasi ya kupitisha kidole. Kusema kweli nilikukasirikia. Nilijiuliza mwanamke wa miaka arobaini, mama wa watoto wawili, anatafuta nini kwenye vitabu vya namna hiyo, na kwa nini amtumie mtoto wa ndugu yake.

Nilivikung'uta kimoja kimoja nikitafuta barua ya mvulana. Ilianguka risiti ya umeme na unywele mmoja, basi.

Wiki ile ile nilikuwa nachambua lenga-lenga nyuma ya nyumba, Falonne na rafiki yake Abigaël wako kwenye bomba wanajaza ndoo. Nikasikia Falonne anasema kwa uchungu kabisa kwamba Stany amekwenda, kwamba aliahidi kurudi kabla ya mvua na hakurudi, na kwamba ni bure kuendelea kumngoja. Abigaël akajibu kuwa Stany lazima atarudi, mtu anayependa vile hapotei. Mboga ziliniponyoka mkononi. Nikasema, haya, jina nimelipata.

Kapata nzima, Stany ninayemjua ni mmoja, fundi wa pikipiki pale kwenye njia panda. Nilivaa kitenge cha kanisani, nikamfuata. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba Falonne ana wenyewe, kwamba sahani ya watu iko nyumbani, na kwamba kama anataka kuahidi mambo ya kabla ya mvua aje aahidi mbele yangu. Yule kijana alisimama na spana mkononi, mafuta mpaka kwenye nyusi. Mke wake akatoka ndani na mtoto mgongoni. Akataka kujua Falonne ni nani. Tatiana, sitakueleza yote. Ilibidi nimlete Falonne mwenyewe, naye akaenda kuchukua kitabu, akawasomea watu wa pikipiki ukurasa mzima unaoonyesha kwamba Stany ni mtu wa kwenye romani, na kwamba ameondoka kwenda kutafuta kazi akamwacha msichana anaitwa Mwadi.

Yule fundi aliniuliza kwa heshima zote kama mwishoni anarudi. Mpaka leo nikipita pale wateja wake wananiuliza habari za Stany. François alicheka mpaka nikamfichia dawa ya presha akaacha.

Falonne hakucheka. Aliniambia njiani neno moja tu, kwa sauti ndogo, "Tantine, ungeniuliza miye." Nikamjibu kwamba nilikuwa namuuliza kila siku na yeye anasema yuko sawa. Akanyamaza. Sikulala na amani na kunyamaza kule.

Ndipo nikaamua kusoma. Nilijiambia, kama mtoto hasemi, basi vitabu vitasema ni nini vimemwingiza kichwani. Nilianza na cha mwavuli. Nilikisoma mchana yeye akiwa masomoni, nimekaa kwenye kiti cha jikoni na penseli nyekundu ya shule, nikitaka kupiga mstari kwenye kila ubaya. Kufikia ukurasa wa sitini penseli nilikuwa nimeisahau. Bukari iliungua siku mbili mfululizo. François akauliza kama siku hizi tunakula mkaa, nikamwambia ni unga wa sokoni umebadilika.

Nakiri kwako tu: kuna mambo mazuri mle. Wasichana wale wanakosea, wanadanganywa, wanalia sana kuliko inavyohitajika, lakini kila mmoja kuna mahali anaulizwa anataka nini, na mwenye kuuliza anangoja jibu. Mimi nina miaka hamsini na nne. Nilijaribu kukumbuka nani aliwahi kuniuliza hivyo akangoja. Sikutaka kuendelea kukumbuka, nikachukua kitabu cha pili, halafu cha tatu.

Cha mwisho ndicho kile chenye Stany. Mwandishi ni binti wa kwetu anayeishi Ulaya, unaona kabisa anajua nyumba zetu, ameandika hata majani ya sombe yanavyotwangwa. Falonne alikuwa bado ananinunia kwa ajili ya pikipiki, lakini alipoona nimefikia hicho, alinitolea chumbani mwenyewe. Akasema hicho ni changu mimi, si chake. Nikamuuliza kivipi. Akanikumbusha kwamba kwenye kartoni hakikuwa pamoja na vile sita. Kilikuwa chini kabisa, kimefungwa ndani ya kile kitenge cha bluu ulichoandika jina langu. Mimi nilichukua kitenge, nikampa mtoto kitabu, nikasema romani si mambo ya rika langu.

Nimefika hapa kwenye barua mara mbili na mara mbili nimeinuka kwenda kuangalia maharagwe. Sasa nasema.

Ukurasa wa mia na arobaini na mbili, watu wamekuja kumposa Mwadi kwa ajili ya mtu mwingine, si Stany. Familia imekaa. Shangazi anamuuliza mara tatu, kama tunavyofanya sisi, tupokee au tusipokee. Mwadi hajibu mara ya kwanza, hajibu ya pili, hajibu ya tatu. Dada yake aliye karibu naye anacheka kidogo na kuwaambia wageni ni haya, ameshakubali. Vigelegele vinapigwa. Na pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, kwa Kiswahili chetu, kuna maneno haya: "Mi pia nilinyamaza. Yaya akasema nimeitika."

Yaya ni mimi, dada yako mkubwa, na mwandiko ule ni mimi niliyekufundisha, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni ya Mama. Herufi ya "y" bado unaiacha mkia wazi.

Nilifunga kitabu nikakaa. Ile siku ya mwaka 2006 ilirudi yote. Marehemu shangazi Mbuyi amesimama na sahani, wewe umevaa blauzi ya kijani niliyokuazima, kichwa chini. Nilikaa mkono wako wa kushoto. Alikuuliza mara moja, nikakugusa goti. Alikuuliza mara ya pili. Mara ya tatu watu wa Barnabé walianza kutazamana, nami niliona aibu inakuja kwetu, nikaona baba anafuta jasho. Nikasema, kwa sauti niliyoisikia tena jikoni wiki mbili zilizopita, "Ni haya tu, ameshaitika." Uliponitazama macho yako yalikuwa yamejaa machozi. Nikawaambia akina mama kwamba ni furaha.

Miaka yote hii nimejisifu kwamba mimi ndiye niliyeokoa siku ile. Nilikuwa nawasimulia hata walimu wenzangu.

Nimeshuku watu wengi, Tatiana. Jirani na choo chake, fundi wa pikipiki, Falonne, Gracien na mwenye nyumba wake, hata wewe na vitabu vyako. Mtu mmoja tu ndiye sikuwahi kumpeleleza, na ndiye aliyekuwa amekaa karibu nawe.

Halafu nikawaza jingine. Vitabu sita havina hata alama. Hiki kimoja umekiandika, ukakifunga kwenye kitenge, ukaweka jina langu. Huwezi kuniambia umesahau maneno yale mle ndani. Ilikuwa barua, na mimi sikuifungua. Miaka miwili iko nyumbani kwangu imevaa karatasi ya saruji. Na ni baada ya ile kartoni ndipo sauti yako ilipotea kwenye simu. Naona aibu, na ninaogopa pia.

Ngoja nikumalizie habari ya Falonne, kwa sababu imekuwa kati ya kile kitabu na barua hii. Jumamosi ya tarehe sita watu wa Lubudi walifika wote, na shati za kufanana. Baba mdogo Kabemba alikaa katikati. Kwa kuwa wewe uko mbali, shangazi wa mtoto ni mimi peke yangu, kwa hiyo wa kuuliza ni mimi. Asubuhi nilikuwa nimemwambia Falonne ajibu chochote alicho nacho. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza ahadi ya mwanasiasa. Na sikumlaumu.

Nikasimama na sahani. Nikauliza, "Falonne, bano batu bamekuya juu yako. Tukamate anvelope yabo ao tuache?" Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Mikono yake ilikuwa inazungusha ncha ya kitenge. Nikauliza mara ya tatu, polepole, na nikangoja. Ulisikika mwiko wa mtu jikoni. Shangazi wa Gracien akakohoa. Mke wa Kabemba, aliyekaa pembeni ya mtoto, nilimwona anafungua mdomo, nikamkazia jicho mpaka akaufunga.

Baba mdogo Kabemba akasema, "Amenyamaza, njo kusema ameitika. Tuendelee."

Nikaishika sahani kwa mikono miwili. Unamjua baba mdogo, hajawahi kupingwa na mwanamke mbele ya wageni. Nikamwambia, "Hapana, tata. Amenyamaza, njo kusema amenyamaza."

Nikaichukua bahasha na kitambaa chake, nikapiga goti mbele ya shangazi wa Gracien, nikamrudishia mkononi. Nikamwambia kwamba hatuwakatai, ila hatuna jibu, na kitu cha watu hakikai kwa mtu asiye na jibu. Yule mama alisema watu wa Kapata siku hizi wamekuwa wa ajabu. Chakula walikula kidogo sana, na kuku wote wawili walibaki. Kabemba hajanisalimu mpaka leo, na kwenye misa anakaa upande wa pili. Wengine wanasema nimemharibia mtoto bahati. Inaniuma, sikufichi. Jumapili ile nililia sakristiani, Mama Honorine akinishika bega.

Falonne alizungumza jioni ile ile, tunaosha sahani. Aliniambia, "Mi sina shida na Gracien. Nilitaka kumaliza masomo kwanza. Lakini mbele ya batu bote vile, kusema hapana ni kubapatisha bote haya." Ni hilo tu. Hakuna mvulana, hakuna uchawi wa vitabu. Miezi mitatu nimezunguka Kolwezi nikitafuta siri, na siri yenyewe ilikuwa ni kwamba hakuona mahali pa kusimama aseme sentensi moja.

Gracien alirudi Alhamisi, peke yake, bila bahasha na bila shangazi. Aliomba kumsalimu Falonne, wakakaa barazani mlango wazi, mimi nikapanga mahindi dirishani. Alimwambia kwamba miaka miwili ya masomo anaweza kungoja, ikiwa Falonne naye atamngoja. Halafu akaomba kuazima kitabu kimoja, ajue wanaongea nini na Abigaël kila Jumamosi. Akapewa cha mwavuli. Mwanaume anayeazima romani mimi bado namshuku. Akikirudisha nitaangalia ni ukurasa gani ameukunja.

Kile chako hakuna aliyeazimwa. Kiko kwenye sanduku langu, ndani ya kile kitenge cha bluu.

Nisalimie wanangu, Grâce na mdogo wake, waambie chumba cha nyuma, kile alicholala Mama, nimekipaka chokaa na vitanda viwili vya watoto na kimoja cha mtu mzima vinaingia. Mwanangu Hénock anakusalimu kutoka Lubumbashi, amepata kazi, na anasema mlango wa nyumba yake pia uko wazi kwenu. Falonne anakusalimu sana, anasema asante kwa vitabu, na anauliza kama kile cha Stany kina sehemu ya pili. François anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini humu. Barnabé sikumtumia salamu safari hii, na kama nimemkosea, Mungu atanisamehe, na yeye pia. Mama Honorine atakaa huko mpaka mwisho wa Oktoba. Jibu mpe yeye, kwa mkono wako, hata likiwa mstari mmoja kwa penseli. Niambie na jina la mbuzi, nijue ni wewe.

Mungu aliyekulinda ukiwa mgongoni mwangu akulinde na huko nisikofika. Akupe usingizi, na akufungulie kinywa.

Shangazi Mbuyi alikuuliza mara tatu. Mimi yaya wako nakuuliza mara ya nne, nimechelewa miaka kumi na tisa, na safari hii hakuna mgeni aliyekaa: uliitika, Tatiana, ao hukuitika? Na leo unataka nini? Chukua muda wako. Ukinyamaza nitangoja, na sitamwambia mtu ni haya.

Ni mimi niliyekujibia siku ile bila kutumwa, na ninayekupenda bado,
Yaya Fidélie